Bwawa Tunalo, Maji Yako Wapi?

Muhula uliopita, wiki moja kabla ya mitihani, bomba la hosteli tunayopanga nje ya chuo lilikauka siku tatu mfululizo. Tenki la juu liliisha siku ya kwanza jioni. Siku ya pili tukaanza kununua maji kwa kijana wa mkokoteni, na siku ya tatu hata yeye akapandisha bei ya dumu. Usiku huohuo umeme ukakatika. Tukabaki watu wanne gizani, madumu mawili ya maji katikati yetu, na madaftari yasiyosomeka.

Mwenzangu wa chumbani anatoka Pangani mjini, mkoa wa Tanga. Mimi ni wa Kibosho, kwa hiyo akaanza kunichokoza: "Mwanangu, mlima mnao, theluji mnayo, mvua huko kwenu haikatiki, na Bwawa la Nyumba ya Mungu liko hapo chini. Sasa maji yanaenda wapi?" Mwingine akadakia kutoka kitandani: "Wajenge bwawa lingine, kubwa zaidi. Hiyo ndiyo dawa ya mabadiliko ya tabianchi. Kwisha." Tukabishana mpaka simu zikaisha chaji.

Usiku ule sikuwa na jibu. Baada ya mitihani nikalitafuta: nikasoma, nikawauliza wazee, na siku moja nikateremka mpaka bwawani kwenyewe. Makala haya ni jibu langu kwa wenzangu wale, na kwa yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini watu wanaoishi chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika wanapanga foleni ya maji.

Mto mmoja, majina mengi

Tuanze na njia ya maji. Mto Karanga, ule unaoupita ukiwa ndani ya daladala, hauishii pale darajani. Unashuka na kuungana na Weruweru, nao unaingia Kikuletwa. Kikuletwa huleta maji ya Mlima Meru pamoja na ya upande huu wa Kilimanjaro, na njiani huongezewa na chemchemi kama ile ya Chemka ambako wengi wetu tumekwenda kuogelea. Upande wa mashariki kuna Mto Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe kwenye mpaka wa Kenya. Kikuletwa na Ruvu zinakutana Nyumba ya Mungu, takriban kilomita 50 kusini mwa Moshi. Kuanzia hapo mto unaitwa Pangani, unapita Korogwe, na kuingia Bahari ya Hindi pale pale mjini kwao mwenzangu.

Kwa maneno mengine, maji ambayo bibi yangu anayafungulia kwenye mgomba Kibosho ni maji ambayo hayatafika kwao Pangani. Au angalau hayatafika yote. Sisi wawili tunalala chumba kimoja na tunatumia mto mmoja, yeye mwisho wake na mimi mwanzo wake. Kabla ya ubishi ule hatukuwa tumelifikiria hilo hata siku moja.

Katikati yetu ndipo lilipo bwawa. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, na kituo chake cha umeme kikaanza kazi mwaka 1968. Likijaa, maji yake yanaenea takriban kilomita za mraba 140, katika wilaya za Moshi, Mwanga na Simanjiro, na lina uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 1. Mitambo yake yenyewe ni midogo, megawati 8 tu. Kazi yake kubwa ni nyingine: kuyapima maji yanayoteremka kwenda kwenye mitambo ya Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68. Maji yaleyale yanazalisha umeme mara tatu kabla ya kufika baharini. Ndiyo maana bwawa linapopungua maji, hasara haiishii hapo ukutani.

Bwawa ni kibubu

Sisi wanachuo tunalielewa bwawa kuliko tunavyodhani, kwa sababu tunaishi kwa bumu. Bumu linaingia kwa mkupuo, kisha kuna wiki nyingi za ukame. Mwenye akili hutenga kiasi mwanzoni ili wiki ya mwisho asiombe chumvi kwa jirani. Bwawa linafanya hivyohivyo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji yanaingia mengi kuliko yanayohitajika; bwawa linayashika. Kuanzia Juni mpaka vuli ifike, maji yanayoingia ni machache kuliko yanayotakiwa, bwawa linayatoa.

Hapo ndipo faida yake ilipo, na ni faida ya kweli. Lakini angalia kitu kimoja: kibubu hakiongezi hela hata shilingi moja. Kinahamisha tu hela ya leo kuipeleka kesho. Bumu likichelewa miezi sita, kibubu kikubwa na kibubu kidogo vyote vitakuwa vitupu; tofauti ni tarehe ya kuisha. Hivyo mtu akisema "jenga bwawa kubwa zaidi", swali la kwanza la kumuuliza ni: litajazwa na nini? Ukuta unajengwa na fedha, maji yanaletwa na mvua. Kama mito inayoingia imepungua, bwawa la pili juu ya mto uleule litagawana na la kwanza maji yaleyale.

Makato ya jua

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonishangaza zaidi. Ukitoa hela kwa simu kuna makato. Bwawa nalo lina makato, na wakala wake ni jua.

Siku niliyokwenda Nyumba ya Mungu nilitoka Moshi asubuhi nikiwa na sweta. Nilipofika kule nilikuwa natafuta kivuli. Ni nchi ya vumbi na migunga, upepo mkali, jua bila huruma. Mvua ya huko ni kama milimita 500 kwa mwaka, wakati kwenye msitu wa upande wa kusini wa mlima, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na ushei, inazidi milimita 2,000. Yaani tunachukua maji kutoka mahali penye baridi na mawingu, tunakwenda kuyaanika mahali pakavu kuliko pote njiani. Si kosa la mtu. Mabonde makubwa ya kujenga bwawa hayapatikani mlimani. Lakini gharama yake ipo.

Tufanye hesabu ya darasani. Katika nchi tambarare zenye joto kama ile, maji yaliyo wazi yanaweza kupoteza kama mita 2 za kina kwa mwaka kwa mvukizo. Chukua kilomita za mraba 140, zidisha kwa mita 2: unapata mita za ujazo milioni 280. Mvua inayonyesha juu ya bwawa lenyewe inarudisha kama robo. Bado zinabaki milioni 210 kila mwaka, ambazo hazikumwagilia shamba, hazikuzungusha mtambo, wala hazikunywewa na mtu. Kwa siku ni zaidi ya lita milioni 570. Kama mtu mmoja anatumia lita 50 kwa siku, hayo ni maji ya watu zaidi ya milioni 11. Hesabu hii ni ya kukadiria, na bwawa likipungua eneo lake nalo hupungua, hivyo makato yanashuka. Hata hivyo, ukubwa wa jambo unauona: karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wa bwawa inaweza kupanda angani kila mwaka.

Sasa ongeza joto. Hewa ikipata joto zaidi, inabeba mvuke mwingi zaidi, na makato yanapanda. Na yanapanda zaidi wakati mbaya: miezi ya ukame, mawingu hakuna, upepo upo, na kila mtu anaidai tone lake. Ndiyo sababu bwawa kubwa, pana na lisilo na kina ni kinga dhaifu dhidi ya ukame wa muda mrefu. Ukame wa miezi mitatu linaumudu. Ukame wa misimu miwili mfululizo, jua nalo linakuwa mmoja wa watumiaji wakubwa.

Na theluji je?

Hapa itabidi niwaudhi baadhi ya ndugu zangu. Wengi tumekua tukiamini kwamba maji ya Kilimanjaro ni theluji inayoyeyuka, na kwamba siku barafu ikiisha Kibo, mito itakauka siku ileile. Ni kweli barafu inaisha. Mwaka 1912 ilifunika kama kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007 zilibaki chini ya 2, yaani upungufu wa takriban asilimia 85. Hilo ni jambo la kusikitisha, na ni onyo. Lakini si pale maji yetu yanapotoka.

Rudi kwenye hesabu. Chukulia ile barafu ya mwaka 2007 ilikuwa inapungua unene wa mita nzima kila mwaka, na yote inageuka maji. Unapata kama mita za ujazo milioni 1.7. Linganisha na zile milioni 210 zinazoliwa na jua pale bwawani: haifiki asilimia 1. Na si yote inayogeuka maji. Kule juu hewa ni kavu, sehemu ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kutiririka.

Maji yetu yanatoka msituni. Mvua inanyesha kwenye ule ukanda wa msitu, udongo wake unaifyonza kama sponji, inapenya kwenye miamba ya volkano, kisha inatokeza chini kwenye chemchemi miezi au miaka baadaye. Hata bomba za mjini Moshi kwa sehemu kubwa zinategemea chemchemi, kama za Nsere na Shiri. Zaidi ya hapo, miti ya juu hunasa ukungu: matone yanajikusanya kwenye majani na ndevu za kuvu, yanadondoka, yanaingia ardhini. Hayo ni maji ambayo kipimo cha mvua hakiyaoni. Msitu ukiungua, kama ulivyoungua mlima Oktoba 2020, hatupotezi mandhari tu. Tunapoteza mikono iliyokuwa inachuma maji kutoka kwenye mawingu.

Kwa hiyo bwawa letu kubwa kuliko yote halina ukuta na halikujengwa na mkandarasi. Ni mlima wenyewe. Maji yake yako gizani chini ya mawe, ambako jua halikati kitu.

Mvua ya hasira

Tabianchi haituletei ukame peke yake. Inatuletea vurugu. Bibi yangu anasema zamani mvua "ilikuwa na adabu": ilikuja nyepesi, ikakaa, udongo ukanywa. Siku hizi, anasema, inakuja kama mtu mwenye hasira, inamwaga yote usiku mmoja, halafu inaondoka wiki tatu. Wataalamu wanasema jambo lilelile kwa lugha yao: hewa yenye joto inashika unyevu mwingi, kwa hiyo mvua kubwa zinakuwa kubwa zaidi, na vipindi vikavu kati yake vinarefuka.

Kwa mvua ya namna hiyo, bwawa lina faida mbili. Linashika maji ambayo vinginevyo yangekimbilia baharini, na linapunguza makali ya mafuriko kwa watu wa chini. Nisiwe mtu wa kulipinga bwawa kwa ushabiki. Bila Nyumba ya Mungu, mto wa kiangazi huko Korogwe ungekuwa hadithi nyingine.

Lakini mvua ya hasira inaleta matatizo mawili. La kwanza ni tope. Maji yanayoteremka kwa kasi kwenye mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni yanabeba udongo, na udongo ule unatua bwawani. Mwaka hadi mwaka kibubu kinajaa mchanga badala ya hela. Kwa macho bwawa ni lilelile, nafasi ya maji ndiyo imepungua. La pili ni uamuzi. Anayesimamia bwawa anataka liwe limejaa, kwa ajili ya kiangazi, na wakati huohuo anataka liwe na nafasi, kwa ajili ya mafuriko. Hawezi kupata vyote. Zamani aliweza kutazama kalenda akajua masika inaanza lini. Kalenda sasa inadanganya. Akiyaachia maji Machi na mvua isije, watu watakosa. Akiyashikilia na mvua ikaja kwa mkupuo, watu watafurika.

Maji yakionekana, wanywaji huongezeka

Kuna jambo ambalo halimo kwenye hesabu za mvua. Limo kwenye tabia zetu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ni somo zuri. Ulichukua maji ya Mto Rau na Njoro na kuyapeleka Mabogini na Chekereni kwa mifereji ya kisasa. Mpunga ukastawi kweli, watu wakajenga nyumba za tofali. Wakulima waliokuwa juu ya mradi wakaona: kumbe mpunga unalipa! Nao wakaanza kulima, wakichota maji kabla hayajafika kwenye mifereji ya mradi. Baada ya miaka michache, sehemu ya mashamba yaliyopimwa na kulipiwa kwa ajili ya mpunga ikawa haipati maji ya kutosha. Hakuna aliyeiba kwa maana ya kawaida. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwake.

Ndivyo mabwawa yanavyofanya. Bwawa likijaa, tunaona "maji yapo", tunapanga juu yake: mashamba zaidi, miji zaidi, mabomba zaidi. Miaka kumi baadaye matumizi yamekua mpaka kwenye mdomo wa kibubu. Ukame uleule ambao zamani ungevumiliwa, sasa unaumiza watu wengi zaidi, kwa sababu wengi zaidi wameegemea pale. Nyumba ya Mungu ilijengwa kwa ajili ya umeme. Leo ina wavuvi wa perege, wafugaji, wamwagiliaji, na tangu mwaka 2025 ni chanzo cha mradi mkubwa wa maji ya bomba wa Same, Mwanga na Korogwe. Nawafurahia ndugu zetu Wapare, wamesubiri maji hayo miaka mingi. Ila mteja wa bomba si kama mtambo wa umeme. Mtambo unaweza kuzimwa, ukaletwa umeme kutoka kwingine kwa waya. Kiu haina gridi ya taifa.

Chini ya ukuta

Mwenzangu wa Pangani aliposoma rasimu ya makala haya aliniambia, "Umeandika mlima na bwawa. Sisi je?" Ana haki.

Chini ya bwawa kulikuwa na eneo kubwa la majimaji linaloitwa Kirua. Kabla ya ukuta kujengwa, masika mto ulifurika pale, samaki wakazaliana, malisho yakaota, watu wakalima kwenye unyevu mafuriko yaliporudi nyuma. Bwawa lilipoanza kushika maji ya masika, mafuriko yale yakakoma na Kirua ikapungua sana. Kwa mhandisi, yale yalikuwa maji yanayopotea. Kwa mvuvi na mfugaji, yalikuwa mshahara.

Mwisho kabisa wa mto, mambo ni ya chumvi. Mto wenye nguvu huizuia bahari. Mto ukidhoofika, maji ya bahari yanapanda kuingia mtoni, na kina cha bahari chenyewe kinaongezeka kwa sababu ya joto la dunia. Mwenzangu anasema kisima cha kwao alichokunywa utotoni sasa ni cha kufulia tu, na baadhi ya minazi ya babu yake imekufa imesimama. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia mechi. Mimi ndiye niliyenyamaza. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba tatizo la maji ni bomba kukauka. Kumbe kuna mahali tatizo ni bomba kujaa, ila si maji ya kunywa.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tuhifadhi maji mahali pengi na padogo, si mahali pamoja pakubwa tu. Wazee wetu walilijua hili. Mifongo ya Wachagga ilikuwepo kabla ya mkoloni, na ilikuwa na sheria: zamu, siku za kusafisha, na faini ya mbuzi au pombe kwa mkaidi. Upareni kuna ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya usiku ili yafunguliwe asubuhi kwa nguvu ya kufika shambani. Ndiva inajaa na kumwagwa ndani ya siku moja. Jua halipati muda wa kukata makato. Kule Kitui na Machakos, Kenya, wanajenga mabwawa ya mchanga: ukuta mfupi mtoni, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanakaa ndani ya mchanga yakijificha na jua. Na tenki la kuvuna mvua ya paa, ambalo hosteli nyingi za hapa hazina, linahitaji mfereji wa bati tu na mwenye nyumba mwenye nia.

Mifongo ya udongo inavujisha maji, ni kweli, na inahitaji kusakafiwa mahali pengine. Lakini tusikimbilie kusema yote yanayovuja yamepotea. Sehemu inazama na kutokeza kwenye chemchemi ya chini. Kabla ya kuziba, tujue anayekunywa huko chini ni nani.

Pili, tulinde lile bwawa lisilo na ukuta. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Hizo mita 60 kila mtu anazifahamu, na kila mtu ana mjomba mwenye shamba ndani yake. Mimi pia.

Tatu, tuulize upya bwawa linafanya kazi kwa ajili ya nani. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka matumizi ya nyumbani kwanza, kisha mazingira, halafu ndipo mengine. Zamani ilikuwa vigumu kuifuata Pangani, maana umeme wa mto huu ulitegemewa sana. Sasa taifa lina Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115. Mitambo yote mitatu ya Pangani ukiijumlisha ni megawati 97, chini ya asilimia 5 ya hiyo. Sisemi izimwe. Nasema tumepata nafasi ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo: kuyaachia maji ya Nyumba ya Mungu kwa ratiba ya watu na ya mto, na si kwa ratiba ya mitambo tu. Kwa mfano, kuachia mafuriko madogo ya makusudi mwaka wa mvua nyingi, ili Kirua ipumue na chumvi isukumwe.

Nne, na hili ni la kwetu wanachuo: Bodi ya Maji Bonde la Pangani ofisi yake iko hapahapa Moshi, na chini yake kuna jumuiya za watumia maji vijijini. Ukitafuta mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, acha kurudia ile ya "mchango wa mitandao ya kijamii". Nenda kapime mfongo mmoja, ujue maji yanayoingia na yanayofika. Wahasibu, zamu na faini za mfongo ni mfumo wa fedha ambao haujaandikwa. Wanasheria, kuna vibali vya maji na kuna desturi, na mara nyingi havijuani.

Likizo iliyopita nilimpeleka mwenzangu Kibosho. Bibi alimkaribisha kwa mtori, akamuuliza kwao ni wapi. Alipotajiwa Pangani akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni wewe tunayekutumia maji." Akacheka. Mwenzangu naye akacheka, akajibu, "Shikamoo bibi. Huwa yanafika machache."

Jioni ile ilikuwa zamu yetu ya mfongo. Tulikwenda naye kufungua. Muda wa zamu ulipokwisha bado kulikuwa na kipande cha shamba hakijalowa, na kwa kawaida mimi ni mtu wa kuongeza dakika kumi, nani ataona? Nikamtazama aliyesimama pembeni yangu na jembe, suruali imekunjwa magotini, nikaziba.